Uzi: Mji mdogo wa mashambani unavyofilisika kimyakimya uchumi ukidorora

LejaKuukuu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu tunabishana kila siku nchi ipi inadaiwa sana na kampuni ipi imefunga milango. Leo naleta kitu kidogo zaidi: mji wa watu elfu tano au elfu kumi, ulioko mbali na jiji, wenye mwajiri mmoja mkubwa na halmashauri ambayo wafanyakazi wake wote wanajuana kwa majina. Uchumi ukidorora, mfuko wa mji wa namna hiyo unakwendaje?

Nimeinamia vitabu vya hesabu za serikali za mitaa miaka mingi, na nimeishia kuamini jambo moja. Ukitaka kujua kama mji mdogo unaumwa, achana na bajeti. Uliza leo benki kuna taslimu kiasi gani, na mzabuni anayedai muda mrefu kuliko wote anadai tangu lini. Bajeti ni ahadi tu, hata muflisi anaweza kuiandika.

Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Tuanze na namna pigo linavyofika, maana haliingii mifuko yote siku moja. Kodi itokanayo na mauzo huporomoka mara tu watu wakiacha kununua. Kodi ya ardhi na majengo huchelewa, kwa kuwa inatozwa kwa thamani iliyokadiriwa zamani. Bei za nyumba zikianguka leo, mji unaweza kuja kuonja machungu mwaka mmoja hadi mitatu baadaye, makadirio mapya yakishaingia kitabuni. Ruzuku ya serikali kuu nayo hukatwa kwa kuchelewa, kwani wakubwa huanza kwa kukopa kabla hawajaanza kubana. Ndiyo maana utasikia redio inatangaza kwamba uchumi umeanza kupumua, kumbe halmashauri ndogo ndiyo kwanza inaingia shimoni. Marekani ilitoka rasmi kwenye mdororo wa 2008 katikati ya 2009, lakini serikali zake za mitaa ziliendelea kupunguza watumishi kwa miaka kadhaa baadaye.

Jiji kubwa likikosa hapa huziba pale. Mji mdogo hauna pale.

Halafu kuna gharama zisizojua kama watu wamehama. Tupige hesabu ya kufikirika. Mji una mtandao wa maji uliojengwa kwa ajili ya nyumba 2,000, na kuuendesha kunagharimu 600,000 kwa mwezi, karibu yote ikiwa gharama isiyobadilika: mkopo wa tangi, fundi mmoja, mitambo ya kusafishia. Kila nyumba inachangia 300. Kiwanda kikafungwa, nyumba 500 zikahamwa. Bomba halifupiki. Zile 1,500 zilizobaki sasa zinatakiwa zitoe 400 kila moja, yaani theluthi moja zaidi, na waliobaki wengi ni wazee na wale wasiokuwa na pa kwenda. Diwani gani atasimama kupendekeza bei hiyo? Hakuna. Kwa hiyo bei inaachwa palepale na matengenezo yanasogezwa mwaka ujao. Mwaka ujao yanasogezwa tena. Kwenye karatasi mji hauna upungufu wowote, kwa sababu bomba linalooza chini ya ardhi haliandikwi popote kama deni.

Sasa nije kwenye mji ulionifundisha zaidi: Yubari, kisiwani Hokkaido, Japani.

Yubari ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 110,000. Japani ikahamia kwenye mafuta, migodi ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1981 mlipuko wa gesi mgodini uliua watu 93, na mwaka 1990 mgodi wa mwisho ukafungwa. Mji ukaamua kugeukia utalii: bustani ya burudani, makumbusho ya makaa, hoteli, uwanja wa kuteleza kwenye theluji, tamasha la filamu. Wageni hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na ukata wa uchumi wa Japani wa miaka ya 1990 ukamalizia.

Hapa ndipo mhasibu ninapokaa vizuri kitini. Mwaka wa fedha wa Japani unaisha 31 Machi, lakini vitabu vya mwaka uliopita hubaki wazi hadi mwisho wa Mei ili malipo yaliyobaki yamaliziwe. Maana yake, Aprili na Mei mezani kuna vitabu viwili, cha mwaka wa zamani na cha mwaka mpya, na vyote vinaandikika. Yubari ikatumia mwanya huo. Fedha za mwaka mpya zikachukuliwa kuziba shimo la mwaka wa zamani, zikizungushwa kati ya mfuko mkuu na mifuko maalumu kama ule wa utalii, na pengo lililobaki likajazwa kwa mikopo ya benki ya muda mfupi. Kila vitabu vilipofungwa hakuna upungufu ulioonekana. Kila mwaka shimo likasogea mbele, likiwa pana zaidi.

Mambo yalipofumuka mwaka 2006, mji ulikuwa na watu kama 13,000. Mwaka 2007 serikali ikauweka chini ya mpango wa usimamizi, na deni la kulipa lilikuwa takriban yen bilioni 35. Gawanya mwenyewe: karibu yen milioni 2.7 kwa kila mkazi, mtoto mchanga akiwemo. Watumishi wakapungua zaidi ya nusu, na waliobaki mishahara yao ikakatwa kwa takriban asilimia 30. Shule za msingi zikaunganishwa mpaka ikabaki moja, za kati vilevile. Hospitali ya vitanda 171 ikawa zahanati ya vitanda 19.

Nawasilisha kwa leo. Karibuni tuchambue.

MvuaYaMchana

Nimeweka kambi. Ila mkuu, umewasulubu hao watu wa Yubari mapema mno. Kampuni za makaa zilipokuwa hai ndizo zilizojenga nyumba za wafanyakazi, hospitali na maji. Zilipoondoka zilimwachia nani? Mji ukazinunua na kuzibeba, maana ungefanya nini, uwakatie watu maji? Sehemu kubwa ya deni ilianzia hapo, kwenye kusafisha uchafu wa mwingine. Hiyo bustani ya burudani imekuja baadaye na imebeba lawama zote kwa sababu inachekesha.

LejaKuukuu

@MvuaYaMchana hapo umenishika, nakubali. Mwajiri mmoja akiwa pia ndiye mwenye nyumba na mwenye maji, siku anayoondoka mji hupoteza mapato na kupata gharama kwa pamoja. Nilipaswa kulisema hilo kabla ya bustani. Ila kesi yangu haiko kwenye kununua hospitali. Iko kwenye ile Aprili na Mei. Laiti shimo lingeonekana mwaka wa kwanza, pengine lingezibika likiwa dogo. Lilipofichwa zaidi ya miaka kumi, hata aliyetaka kusaidia hakujua ukubwa wake.

KifungoChaShati

Kwani wakaguzi walikuwa wapi?

LejaKuukuu

Mkaguzi hukagua alicholetewa, mkuu. Na kuingiliana kwa vile vitabu viwili kwenyewe hakukuwa kinyume cha sheria, kosa lilikuwa kwenye matumizi yake. Nimewahi kukaa meza moja na mweka hazina wa halmashauri moja ndogo ambaye alikuwa na droo ya hati za madai ambazo "hazijafika". Zimefika, ziko kwenye droo. Isiyosajiliwa si deni, na mwisho wa mwaka hesabu zake zinang'aa. Mkaguzi akija anaonyeshwa rejista ya madai, haonyeshwi droo. Nilipouliza kulikoni, nikaambiwa nisiwe na haraka, mzunguko ujao wa ruzuku utamaliza yote. Mzunguko ulipokuja ukakuta droo ya pili.

Shamsa_wa_Namba

Naomba niongeze mwingine ambao haukuficha chochote, ulijaribu kuwa mjanja tu: Narvik, Norwe. Mji wa bandari juu kabisa kaskazini, watu kama 18,000, unasafirisha madini ya chuma yanayotoka Kiruna upande wa Uswidi. Narvik na manispaa nyingine saba walikuwa na uhakika wa mapato ya miaka ijayo kutokana na umeme wa maji. Dalali anaitwa Terra Securities akawashawishi: kopeni leo kwa kuyaegemea hayo mapato yajayo, nunueni bidhaa za fedha zilizoundwa na benki ya Citigroup kule Marekani, tofauti ya riba itawalipia huduma.

Mwaka 2007 masoko ya Marekani yakatetemeka, thamani ikayeyuka, na kumbe mkataba uliwataka waongeze fedha kila thamani ikishuka. Novemba mwaka huohuo Terra Securities ikafilisika. Narvik ikabaki inapiga hesabu ya kubana shule za awali na nyumba za wazee, kwa sababu ya mikopo ya nyumba ya watu wasiowajua, ng'ambo ya bahari.

Kilichonisikitisha ni kwamba hawa walikuwa na chanzo cha mapato ambacho mdororo hauwezi kukigusa. Maji yanashuka mlimani, uchumi uwe juu au chini. Wakakiuza kabla hakijafika.

LejaKuukuu

Dada Shamsa, asante sana, hiyo sentensi ya mwisho naiba. Miji midogo huuziwa vitu vya namna hii kwa sababu pale ofisini hakuna wa kuvisoma. Upande wa muuzaji wanakuja watu kumi wenye suti na michoro. Upande wa mji yuko mhasibu mmoja ambaye asubuhi alikuwa anasimamia ukusanyaji wa ada za maegesho.

Uswisi, nchi ya mabenki, nayo ina Leukerbad: kijiji cha chemchemi za maji moto, wakazi chini ya 2,000, mwishoni mwa miaka ya 1990 kikakutwa na deni la zaidi ya faranga milioni 300. Wakopeshaji waliamini jimbo la Valais lingelipa. Mwaka 2003 Mahakama ya Shirikisho ikasema jimbo halihusiki, aliyekopesha alitakiwa afungue macho mwenyewe.

BabuWaKijiweni

Dawa ni kuunganisha hii miji tu, basi. Japani wenyewe walitoka manispaa 3,232 mwaka 1999 wakafika kama 1,730 mwaka 2010. Denmaki mwaka 2007 walitoka 271 hadi 98. Ugiriki katikati ya mtikisiko wao walipitisha sheria ya Kallikratis mwaka 2010, kutoka 1,034 hadi 325. Mji mdogo ni anasa.

MvuaYaMchana

Mzee wangu, unaokoa nini hasa? Unaokoa meya mmoja, mweka hazina mmoja na samani za ofisi. Bomba la maji la mji ule uliomezwa liko palepale na urefu wake uleule, na aliyekuwa akitembea dakika kumi kulalamika sasa anapanda basi. Sisemi kuunganisha ni kubaya. Kunasaidia pale ambapo tatizo ni kukosa watu wenye ujuzi, kama hao wa Narvik wangekuwa na mtu mmoja wa kuwaambia hapana. Kama tatizo ni mwajiri kuondoka, umeunganisha wagonjwa wawili kitanda kimoja.

BabuWaKijiweni

Sawa, ila bora kitanda kimoja kuliko daktari asiwepo kabisa. Nimesimama na hoja yangu.

NotiYaZamani

Mbona hamjaitaja Wörgl? Austria, mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu. Mji wa watu kama 4,000, viwanda vimesimama, kodi hazilipwi, hazina tupu. Meya Michael Unterguggenberger akatoa "hati za kazi" za mji wenyewe, zikiwa na dhamana ya shilingi za Austria zilizowekwa benki. Kila mwezi hati ilipaswa kubandikwa stempu ya asilimia 1 ya thamani yake, la sivyo haipokelewi. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kulala nayo mfukoni. Wakalipa vibarua kwa hizo hati, wakatengeneza barabara, wakajenga daraja. Septemba 1933 benki kuu ya Austria ikaupiga marufuku mpango mzima. Walikuwa wamepata dawa, wakubwa wakawanyang'anya!

KifungoChaShati

Kuna meya mahali anasoma hapa huku akitafuta namba ya mchapishaji 😂

LejaKuukuu

Hahaha, asichapishe kwanza.

@NotiYaZamani, Wörgl naipenda, ila nadhani watu huitazama upande usio wenyewe. Kila mtu anaongelea stempu. Mimi natazama dirisha la kodi. Hati zile zilikubaliwa kulipia kodi ya mji, na watu wakazitumia kulipa malimbikizo yaliyokuwa yamelala vitabuni, wengine wakalipa hata kabla ya muda. Yaani halmashauri ilikuwa na mali yote ile katika madeni yasiyokusanyika, ikatengeneza njia ya mtu asiye na shilingi kulipa kwa jasho lake. Hiyo sehemu hata leo inafikirika bila kuchapisha noti: mpango wa kulipa malimbikizo kidogo kidogo, au kulipa kwa kazi panaporuhusiwa na sheria. Kwa mji mdogo wakati wa mdororo, orodha ya malimbikizo mara nyingi ni mali kubwa kuliko majengo yake yote, ila ni mali inayooza haraka. Deni la kodi la mwaka mmoja utalipata. La miaka sita, mwenye nyumba ameshahama au ameshafariki.

Jingine ni kwamba Wörgl ilidumu miezi kumi na mitatu tu, na hati zilizokuwa zikizunguka zilikuwa chache. Tusiipe sifa ya kuponya uchumi wa taifa.

TausiMstaafu

Habari zenu wanangu. Mimi nauliza la upande wangu: pensheni za watumishi wa mji. Mji ukifilisika mstaafu anakuwa nani?

Shamsa_wa_Namba

Shikamoo mama. Jibu si zuri, lakini afadhali lisemwe. Marekani kuna Prichard, jimbo la Alabama. Waliambiwa mwaka 2004 na mtaalamu wa hesabu za mfuko kwamba fedha za pensheni zingeisha mwaka 2009. Hawakufanya la maana. Septemba 2009 hundi zikaacha kwenda. Miaka mitano walijua mpaka mwaka! Kisha kuna Central Falls, Rhode Island, watu kama 19,000, waliingia mahakamani Agosti 2011 na baadhi ya wastaafu pensheni zao zikapunguzwa kwa kiasi kilichofika asilimia 55. Wenye hatifungani, yaani walioukopesha mji, walikuwa wamelindwa na sheria iliyopitishwa na jimbo muda mfupi kabla.

MvuaYaMchana

Hiyo miji miwili si ya mashambani lakini, iko pembeni ya majiji. Nimesema tu ili uzi usipotee njia.

LejaKuukuu

Kweli, ila somo la mama linabaki. Mama Tausi, shikamoo. Mstaafu kwenye foleni ya wadai husimama nyuma kuliko anavyodhani, na akiwa wa mji mdogo hana hata umati wa kuandamana naye. Huko Marekani mji unaweza kuomba hifadhi chini ya Sura ya 9 ya sheria yao ya kufilisika. Iliwekwa mara ya kwanza mwaka 1934, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta mwaka 1936, bunge likaiandika upya mwaka 1937. Lakini wanaoitumia ni wachache, na sehemu kubwa si miji kamili bali ni mamlaka ndogondogo kama za maji na umwagiliaji. Kwa nchi nyingi hakuna mlango wa namna hiyo. Mji haufi kisheria. Unaendelea kuwepo bila kulipa.

KifungoChaShati

Mkuu tupe sasa dalili za kuangalia, mtu wa kawaida asiyejua leja ajue mji wake unaelekea wapi.

LejaKuukuu

Mtu wa kawaida ana macho mazuri kuliko anavyojidhania. Muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi kama bado anaikopesha halmashauri. Akisema anataka taslimu kwanza, yeye ameshafanya ukaguzi kabla ya mkaguzi. Tazama magari ya mji: la taka likiharibika, linarudi barabarani baada ya wiki au linabaki uani na kuwa ghala la vipuri vya jingine? Nafasi za kazi zisizojazwa ni dalili dhaifu, zinaweza kuwa ubanaji wa busara.

Ukiweza kupata taarifa ya fedha, nenda moja kwa moja kwenye mikopo ya muda mfupi, ulinganishe miaka mitatu. Mkopo wa muda mfupi unatakiwa ufike sifuri angalau mara moja kwa mwaka, kodi zikishaingia. Usipofika sifuri, huo si wa muda mfupi tena, ni upungufu uliovaa koti. Baada ya hapo tafuta "mfuko mmoja umekopesha mwingine". Hasa ukiona mfuko wa maji umeukopesha mfuko mkuu, simama hapo. Ile 300 wanayolipa watu kwa ajili ya bomba imeenda kulipa mishahara, na bomba halitapata kitu.

Akiba nayo nisiisahau: kiasi cha matumizi ya miezi miwili ndicho kinachotajwa mara nyingi kama kiwango cha chini. Kwa mji unaotegemea mwajiri mmoja, mimi ningetaka zaidi sana.

MvuaYaMchana

Na Yubari je, leo wakoje? Umetuacha kwenye zahanati ya vitanda 19.

LejaKuukuu

Wako chini ya 7,000 sasa, na ulipaji wa deni ulipangwa ufike mwisho Machi 2027. Mwaka 2011 walimchagua meya wa miaka 30, Suzuki Naomichi, kijana aliyekuwa ametumwa huko kama mtumishi wa serikali ya Tokyo, akafanya kazi kwa mshahara uliokatwa asilimia 70. Akaanza kuwahamisha watu polepole kutoka mitaa iliyobaki na nyumba tatu tatu, wakae karibu karibu katikati. Yaani yeye ndiye aliyejaribu kulifupisha bomba.

Mwaka 2016 akaiendea kampuni ya reli mwenyewe kabla haijamjia: fungeni njia yetu ya treni, ila mtusaidie kuweka mabasi. Watu wengi walishangaa, meya gani anaomba reli yake ifungwe? Lakini alikuwa ameiona hesabu, na aliomba wakati bado ana cha kubadilishana. Treni ya mwisho ilitoka Yubari 31 Machi 2019, siku ileile mwaka wa fedha unapoisha.